Namna ya kupata ukolezi wa alkali kwa titresheni

Asidi ikikutana na alkali, ayoni (chembe zenye chaji) za haidrojeni za asidi huungana na ayoni za haidroksaidi za alkali na kuwa maji, na kinachobaki ndani ya maji hayo ni chumvi. Titresheni ni njia ya kupima kwa usahihi ujazo wa asidi unaotosha kumaliza alkali yote, na usahihi huo, kwa maoni yangu, huamuliwa zaidi na usafishaji wa vyombo kuliko na hesabu.

Suuza bureti, yaani mrija mrefu wenye vipimo na koki, kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa asidi yenyewe utakayoipima, kwa sababu matone ya maji yakibaki ndani yataizimua asidi. Pipeti, mrija wa kufyonza na kuhamisha ujazo maalumu, nayo isuuzwe kwa alkali. Chupa ya koni, kinyume chake, isuuzwe kwa maji tu: ukiisuuza kwa alkali utaongeza moli (kizio cha kiasi cha kemikali) ambazo hukuzipima, ilhali maji hayabadilishi idadi ya moli zilizomo. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa.

Jaza asidi kwenye bureti, ondoa faneli ili isidondoshe tone baadaye, na fungua koki kidogo mpaka hewa yote itoke kwenye ncha. Soma kipimo jicho likiwa sambamba na sehemu ya chini ya mpindo wa kimiminika. Kwa pipeti yenye mpira wa kufyonzea, kamwe si kwa mdomo, hamisha sentimita za ujazo 25 za haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ndiyo alkali yetu, hadi kwenye chupa ya koni, kisha ongeza matone mawili au matatu ya methili ya machungwa, kiashiria kinachoonyesha mwisho kwa kubadili rangi. Rangi itakuwa ya njano.

Weka kigae cheupe chini ya chupa na umimine asidi huku ukiizungusha chupa. Mara ya kwanza ni ya makadirio tu. Zinazofuata, ukikaribia kiwango hicho, teremsha asidi tone kwa tone, kwani karibu na mwisho tone moja huweza kushusha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, kwa vizio kadhaa. Simama rangi inapogeuka ya chungwa. Ikiwa nyekundu, umepitiliza. Rudia mpaka upate majibu yanayotofautiana kwa sentimita za ujazo 0.1 au pungufu, na utafute wastani wa hayo pekee, bila kuingiza lile la makadirio. Litmasi, kiashiria kingine, haifai kwa kazi hii, kwa kuwa rangi yake hubadilika polepole mno. Na asidi ikiwa dhaifu, kama ya siki, tumia kiashiria cha fenolfthalini.

Tuseme umetumia sentimita za ujazo 22.50 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 0.100 kwa lita. Hizo ni moli 0.00225, na kwa kuwa moli moja ya asidi humaliza moli moja ya haidroksaidi ya sodiamu, gawanya 0.00225 kwa lita 0.025 upate moli 0.0900 kwa lita. Kwa asidi ya salfuriki, ambayo moli yake moja humaliza moli mbili za alkali hiyo, zidisha kwanza moli za asidi kwa 2.