Kabla ya kulipia daraja la kwanza, soma aina ya ndege

Ukitafuta tiketi ya daraja la kwanza kwa safari ndefu, usiishie kwenye bei na saa ya kuondoka. Fungua maelezo ya safari usome aina ya ndege, kisha ramani ya viti. Shirika lilelile, njia ileile, wakati mwingine hata bei ileile, lakini huko angani ni mambo mawili tofauti. Ndege aina ya A380 za shirika la Emirates zenye daraja hilo zina bafu la kuogea. Boeing 777 zake hazina. Kwa Singapore Airlines, A380 inakupa chumba chenye kiti na kitanda vilivyotengana, ilhali Boeing 777-300ER ina kiti kinachogeuzwa kitanda (kizuri tu, ila si chumba). Mara nyingine kuhamia safari ya saa chache baadaye kunatosha.

Mbinu hii inagoma ndege ikibadilishwa dakika za mwisho, maana tiketi inakuahidi daraja, si aina ya ndege. Irudie ramani siku mbili tatu kabla ya safari. Ukiona kiti chako kimehamishwa, piga simu upesi, viti vyenyewe huwa vichache mno.