Somo: Pesa iliyo daftarini ipo kweli? Kuweka hesabu na kukagua fedha taslimu za kampuni

Ndugu wanachama, wengi mmeliomba somo hili tangu msimu wa kufunga hesabu uanze. Fedha taslimu ndio mstari unaoonekana mwepesi kuliko yote kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni), na kijana anayeanza kazi ya ukaguzi ndiye hukabidhiwa. Kwangu mimi hilo ni kosa. Desemba 2003 kampuni ya maziwa ya Parmalat ya Italia ilianguka baada ya Bank of America kusema kwamba akaunti iliyodaiwa kuwa na euro bilioni 3.95 haipo, na barua iliyothibitisha salio hilo ilikuwa ya kughushi. Juni 2020 yakaikuta Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani: euro bilioni 1.9 zilizosemekana ziko benki mbili za Ufilipino, na benki zote mbili zikakana. Kote huko wakaguzi walikuwepo na karatasi zilikuwepo.

Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulize: karatasi hii imetoka mkononi mwa nani?

Hatua ya kwanza: jua kinachoingia

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 7, kinasema fedha taslimu ni pesa iliyo mkononi na amana unayoweza kuitoa benki wakati wowote. Mali zinazolingana na fedha taslimu ni vitega uchumi vya muda mfupi vinavyogeuka pesa kwa haraka, kwa kiasi kinachojulikana, bila hatari kubwa ya thamani kubadilika. Kwa kawaida muda wake ni miezi mitatu au pungufu, kuanzia siku kampuni ilipovinunua. Dhamana ya serikali ya siku 35 inaingia. Amana ya muda maalumu ya miezi sita haiingii, hata kama meneja wa benki ni rafiki yako na amekuahidi kuivunja ukitaka.

Salio la Lipa Namba (namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu) huingizwa hapa na kampuni nyingi kwetu, kwa kuwa hutoka wakati wowote. Kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni mhasibu kuandika kilichofika benki baada ya makato. Mteja kalipa 200,000, benki zimefika 198,000, daftari linasema mauzo ni 198,000. Mauzo ni 200,000. Hizo 2,000 ni gharama na zina mstari wake.

Hatua ya pili: usuluhisho wa benki

Usuluhisho ni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki na kueleza tofauti. Hapa tukae kidogo. Chukua duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Tarehe 31 Desemba daftari la fedha linaonyesha shilingi 18,460,000, na taarifa ya benki inaonyesha 21,275,000. Usikimbilie kutafuta mwizi. Anza upande wa benki.

Salio la benki: 21,275,000
Ongeza pesa iliyopelekwa benki jioni ya tarehe 31, ikaonekana Januari: 1,350,000
Toa hundi ambayo aliyelipwa bado hajaipeleka benki: 4,200,000
Salio sahihi: 18,425,000

Sasa upande wa daftari.

Salio la daftari: 18,460,000
Toa makato ya benki ambayo hayakuandikwa: 85,000
Ongeza pesa mteja aliyoweka moja kwa moja benki: 500,000
Toa kosa la kuandika malipo ya 940,000 kama 490,000: 450,000
Salio sahihi: 18,425,000

Pande zote zimekutana. Angalia hilo kosa la mwisho: 450,000 inagawanyika kwa 9 bila baki. Tofauti yako ikigawanyika hivyo, kabla ya jambo jingine tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Ujanja huu umeniokolea usiku mwingi.

Marekebisho yote ya upande wa daftari lazima yaingizwe kwenye vitabu. Ya upande wa benki hayaingizwi, yanasubiri benki.

Kama wewe ni mkaguzi, kukutana kwa pande mbili hakujamaliza kazi. Omba taarifa ya benki ya Januari. Ile 1,350,000 iwe imeingia siku ya kwanza au ya pili ya kazi. Ikichelewa wiki mbili, ilikuwa wapi? Hundi ya 4,200,000 nayo uione ikilipwa. Nimewahi kukuta hundi ya namna hiyo droo ya mhasibu, imesainiwa vizuri, haijatoka ofisini. Hundi iliyo droo haijamlipa mtu. Inarudishwa kwenye salio la daftari, na deni la msambazaji linarudi pia.

Hatua ya tatu: kuhesabu sanduku

Nenda bila kuaga. Keshia awepo tangu mwanzo hadi mwisho, ahesabu yeye mbele yako, kisha asaini kwamba pesa zote amerudishiwa. Kamwe usibaki peke yako na sanduku.

Nikiwa mkaguzi mdogo, nilitumwa kwenye kampuni yenye masanduku mawili, la ofisini na la ghala la pili. Asubuhi nikahesabu la ofisini, sawa kabisa. Ndani yake kulikuwa na kitita cha noti za elfu kumi kilichofungwa kwa kipande cha karatasi ya daftari la shule, kimeandikwa 1,000,000 kwa kalamu ya kijani, sifuri ya mwisho imekatika ukingoni. Mchana nikala, nikaenda ghalani. Sanduku la huko likafunguliwa, na kitita cha kijani kikanitazama, sifuri ile ile imekatika. Sikuweza hata kuongea kwa dakika nzima. Pesa ilikuwa imepanda bodaboda nikiwa nakula.

Tangu siku hiyo masanduku yote nayahesabu kwa wakati mmoja. Kama watu hatutoshi, naweka lakiri kwenye yale yanayosubiri zamu. Hesabuni na Lipa Namba saa hiyo hiyo, salio lisomwe kwenye simu mbele yenu.

Hatua ya nne: barua ya uthibitisho wa benki

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 505, kinataka mkaguzi aishike njia nzima ya barua hii. Kampuni inasaini ruhusa, basi. Barua unaipeleka wewe, anwani ya benki unaitafuta wewe, na jibu linakuja kwako. Likipitia meza ya mhasibu, hata kama amelileta kwa nia njema, omba jingine. Uliza akaunti zote, pamoja na zenye salio sifuri na zilizofungwa ndani ya mwaka, mikopo, na pesa zilizozuiwa kama dhamana. Pesa iliyozuiwa ni ya kampuni, lakini msomaji wa hesabu anastahili kuambiwa kwamba haiguswi.

Mwisho, pitia uhamisho kati ya akaunti za kampuni wiki ya mwisho ya Desemba na ya kwanza ya Januari. Pesa iliyoingia benki B tarehe 31 lazima iwe imetoka benki A kwenye daftari tarehe hiyo hiyo. Ikiandikwa kutoka Januari, imehesabiwa mara mbili.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuna dhamana ya serikali ya siku 364, zimebaki siku 40 tu mwaka unapofungwa. Niiweke kwenye fedha taslimu?

Jibu: Marahaba. Hapana. Muda unahesabiwa tangu siku mliyoinunua. Kama mngeinunua kwa mtu mwingine ikiwa imebakiza siku 40, ingeingia.

Swali: Kaka, akaunti moja ina milioni 12, nyingine ina ovadrafti ya milioni 5. Bosi anataka tuonyeshe milioni 7.

Jibu: Kwenye mizania onyesha 12 upande wa mali na 5 upande wa madeni, isipokuwa mna haki ya kisheria ya kuzikata moja dhidi ya nyingine na mnakusudia kulipana hivyo. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ovadrafti inayodaiwa wakati wowote na ambayo ni sehemu ya mzunguko wenu wa kila siku huunganishwa na fedha taslimu.

Swali: Nilihesabu sanduku nikakuta karatasi ya mkurugenzi, "nimechukua 800,000, nitarudisha". Keshia ananisihi niihesabu kama pesa.

Jibu: Usiihesabu. Ni deni analodaiwa mkurugenzi, liandikwe hivyo. Na keshia huyo mhurumie, dada yangu, hakuwa na nguvu ya kukataa. Andika kwenye hoja zako kwamba masurufu yasitoke bila hati iliyoidhinishwa na mtu mwingine.

Swali: Mhasibu alifungua akaunti ya benki kwenye kompyuta yake mbele yangu, akachapa taarifa. Nimeiona kwa macho yangu. Bado naihitaji barua?

Jibu: Bado. Faili likishapakuliwa linaweza kubadilishwa kabla ya kuchapwa, na skrini hiyo haikuonyeshi mkopo uliochukuliwa kwenye benki ambayo hukuambiwa. Peleka barua kesho asubuhi, uipeleke wewe.