Jinsi ya kuielewa operoni ya lac bila ya kukariri

Wadogo zangu wa form six, na nyie mulioanza mwaka wa kwanza chuo, hii operoni ya lac, yaani jeni za bakteria E. coli za kutumia laktosi (sukari ya maziwa) zinazowashwa na kuzimwa pamoja, wengi munaimeza nzima nzima halafu suali likigeuzwa kidogo tu munapotea. Ichezeni mezani kwa mikono, itakaa.

Chukua kipande kirefu cha boksi, chora mstari wa DNA, andika kutoka kushoto: jeni I (inayotengeneza ripresa) na promota yake mwenyewe, halafu sehemu ya CAP, promota (pahala RNA polimeresi inapoanzia), opereta (pahala ripresa inapokaa), mwisho jeni Z, Y na A. Kizibo cha soda ndio ripresa, protini inayozuia usomaji, punje ya kunde ndio alolaktosi, karafuu ndio cAMP, molekuli ndogo ya kupeleka ishara ndani ya seli (Pemba hapa karafuu haikosekani), kifungo cha shati ndio CAP, protini inayosaidia usomaji ikishikana na cAMP, na komwe la bao ndio RNA polimeresi, ile inayosoma DNA na kutengeneza RNA.

Sasa kila hali utakayopewa jiulize masuali mawili na uyajibu mbali mbali, usiyachanganye.

La kwanza, laktosi ipo? Kama haipo, kizibo kinakaa juu ya opereta, komwe halipiti. Kama ipo, baadhi yake inageuzwa kuwa alolaktosi, basi weka kunde juu ya kizibo, ripresa inabadilika umbo, inaachia DNA, kiondoe. Wengi wanaandika kuwa laktosi yenyewe ndio inayokamata ripresa, sio, ni alolaktosi, na inatengenezwa na beta-galaktosidesi, enzaimu ya jeni Z hiyo hiyo. Mwanafunzi makini hapo atauliza, kama operoni imefungwa enzaimu imetoka wapi, na laktosi imeingiaje ndani wakati protini ya kuipitisha ni ya jeni Y nayo imefungwa? Suali zuri mno. Ripresa haikai pale moja kwa moja, mara moja moja inabanduka, RNA kidogo inatoka, kwa hivyo seli daima ina molekuli chache za kuanzia.

La pili, glukosi ipo? E. coli anakula glukosi kwanza. Glukosi ikiwa nyingi cAMP inashuka, toa karafuu, CAP haikai, na promota hii peke yake ni dhaifu, kwa hivyo hata kizibo kikiwa kimetoka usomaji unakuwa mdogo tu. Tena glukosi inaizuia hata laktosi isiingie vizuri. Ikimalizika, cAMP inapanda, karafuu juu ya kifungo, kifungo kinakaa pahala pake na kuishika RNA polimeresi vizuri kwenye promota.

Zipange hali zote nne utaona moja tu ndio inayowaka kwa nguvu: laktosi ipo, glukosi haipo. Mwanasayansi Mfaransa Monod alianza na grafu ya bakteria waliopewa sukari mbili, wanaongezeka, wanasimama, halafu wanaongezeka tena, na kule kusimama ndio wakati wa kuiwasha operoni. Yeye na mwenzake Jacob walitoa maelezo yao 1961, na 1965 wakapata Nobel pamoja na Lwoff.

Mutesheni, yaani mabadiliko kwenye DNA, ndio zinazowaliza watu, na hapa ndipo boksi linapolipa. I ikiharibika, ondoa kizibo kabisa, operoni iko wazi laktosi iwepo isiwepo (suali la glukosi bado unalijibu). Opereta ikiharibika, yaani Oc, kizibo unacho ila hakina pa kukaa. Kwenye boksi moja zote mbili matokeo ni sawa tu, sasa tengeneza boksi la pili lililo zima uliweke pembeni: kizibo cha boksi la pili kinaweza kuhamia la kwanza kwa sababu ripresa ni protini inayoelea ndani ya seli, kwa hivyo I mbovu inatibika, lakini opereta ni kipande cha DNA, haihami, kwa hivyo Oc inabaki kuharibu boksi lake tu. Fanya kwa mkono, usisome tu.

Ukishazoea nenda kwa bakteria wa kipindupindu, yeye akiwa ndani ya utumbo protini za ToxR na TcpP zilizoko kwenye utando wake zinawasha jeni ya toxT, na ToxT, protini ya jeni hiyo, ndio inayowasha jeni za sumu.

Zoezi la mwisho: Is ni ripresa isiyokubali alolaktosi, kwa hivyo haibanduki. Kwenye boksi moja tia Is na Oc pamoja, glukosi hakuna. Z inasomwa? Inasomwa, kwa sababu kizibo hata kiwe king'ang'anizi vipi, opereta ya kukishika haipo.