Baiskeli kwa kijana mwenye ugonjwa wa Crohn: zunguka, usiende mbali

Crohn ni uvimbe sugu wa njia ya chakula, unaoleta kuhara na haja ya ghafla. Mdogo wangu hapa Tanga alishindwa mazoezi kwa hofu ya kubanwa na choo njiani, si kwa udhaifu wa miguu. Dawa yake: haendi tena mbali hadi Raskazone, anazungukia barabara za namba za Ngamiani, kila dakika 5 anapita mlangoni kwetu. Choo kikiwa karibu hofu inaisha, anamaliza dakika 20 zake. Mwendo uwe wa kuweza kuongea ila si kuimba. Hapo moyo na mapafu vinafanya kazi bila kumchosha kupita kiasi. Asitoke na tumbo zito (maharage ya nazi, keshakoma!), na chupa ya maji asiisahau. Ugonjwa ukiamka, damu chooni, homa au kizunguzungu, baiskeli ibaki ukutani, aende kwa daktari.