Jinsi ya kupima methani inayotoka katika ziwa lenye rutuba nyingi: mfano wa Ghuba ya Winam

Asubuhi isiyo na upepo, katika ufuo wa Dunga ulio karibu na Kisumu, maji huonekana ya kijani na mazito, na mara kwa mara viputo vidogo hupanda kutoka chini vikapasuka juu. Ndani ya viputo hivyo mna methani nyingi, na yeyote atakayepima gesi za ghuba hii bila kuvishughulikia atarudi nyumbani na takwimu safi isiyo ya kweli.

Ghuba ya Winam ni pembe ya Ziwa Viktoria iliyo upande wa Kenya, na humiminiwa maji ya mito kama Nyando na Sondu-Miriu, ambayo huja na udongo wa mashambani na mbolea, huku mji ukiongeza maji taka yake. Fosforasi na nitrojeni zilizomo hulisha mwani na magugu maji. Mimea hiyo ikifa huzama, na inapooza huimaliza oksijeni iliyo katika tope. Hapo ndipo vijidudu visivyohitaji oksijeni hutengeneza methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto takribani mara 27 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito huo huo. Katika vilindi vya ziwa, ambavyo hufikia takribani mita 80, sehemu kubwa ya gesi hiyo huyeyuka majini na kuliwa na bakteria kabla haijafika juu, lakini ghubani, penye kina cha mita chache, kiputo hufika hewani kikiwa bado na karibu methani yake yote.

Kifaa cha kwanza ni chemba inayoelea, ambayo kwa hakika ni ndoo iliyopinduliwa. Ipake rangi nyeupe ili jua lisiichemshe hewa iliyomo, izungushie maboya ya nyavu ili ukingo wake uzame sentimita 2 au 3, kisha utoboe tundu kwenye kitako na kupitisha mrija mwembamba wenye koki. Iweke juu ya maji taratibu, iache ielee pamoja na mtumbwi, na uvute hewa kwa bomba la sindano mwanzoni, kisha katika dakika ya 10, ya 20 na ya 30. Kila sampuli itie katika kichupa cha kioo kilichofyonzwa hewa na kuzibwa kwa mpira, uandike saa, halijoto na mahali papo hapo, kisha upeleke vichupa kwenye maabara yenye kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha gesi zilizochanganyika na kupima kiasi cha kila moja.

Tuseme chemba ina ujazo wa lita 14 juu ya maji na imefunika eneo la mita za mraba 0.07, na methani imepanda kutoka sehemu 2 hadi 14 kwa milioni katika nusu saa, yaani sehemu 24 kwa saa. Gawa ujazo, ukiwa katika mita za ujazo, kwa eneo, upate 0.2. Hatua inayofuata ndiyo inayowakwaza wengi: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni takribani kilopaskali 88.5, na kwa nyuzi 25 za Selsiasi mita moja ya ujazo ya hewa hubeba moli (kipimo cha idadi ya chembe za gesi) 35.7, wala si 40.9 kama pwani. Ukizidisha 0.000024 (yaani zile sehemu 24 kwa milioni) kwa 0.2 na kwa 35.7, kisha kwa gramu 16 za kila moli na kwa saa 24, unapata takribani miligramu 66 kwa mita ya mraba kwa siku. Aliyetumia kipimo cha Mombasa atazidisha jibu kwa takribani asilimia 14.

Chora sampuli nne za chemba kama nukta kwenye grafu. Zikiwa zimepanda kwa mstari ulionyooka, umepima gesi iliyopenya polepole kwenye uso wa maji. Moja ikiruka ghafla, kiputo kimeingia. Usiitupe, bali iandikie maelezo.

Viputo vyenyewe hupimwa kwa faneli kubwa iliyopinduliwa chini ya maji, shingo yake ikiwa imechomekwa bomba la sindano lililojaa maji, ili gesi inayopanda iyasukume maji chini. Iache saa 24. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 40 ikikusanya mililita 60, na maabara ikasema nusu yake ni methani, umepata takribani miligramu 136 kwa mita ya mraba kwa siku, zaidi ya maradufu ya ile ya chemba. Kwa kuwa viputo havitoki kwa usawa, faneli moja haitoshi. Tega kadhaa, baadhi karibu na midomo ya mito na nyingine mbali nayo. Nanga nayo ina hila zake: siku moja niliitosa hatua chache tu kutoka kwenye faneli, tope likatibuka, na bomba likajaa kabla sijakaa vizuri mtumbwini. Tangu hapo naitosa mbali, kisha naachilia kamba mpaka nifike.

Kaboni dayoksaidi unaweza kuipima kwa chemba hiyo hiyo, lakini pima mchana na usiku, kwa sababu mwani huivuta wakati wa jua na maji huirudisha giza likiingia, na atakayepima saa nne asubuhi tu huenda akadhani ziwa linasafisha hewa. Alasiri upepo wa ziwa huvuma na mawimbi huinua ukingo wa chemba, basi fanya kazi mapema. Vaa glavu, kwa kuwa baadhi ya mwani huu hutoa sumu, na umwulize mvuvi wa hapo viboko wamelala upande gani kabla ya kusukuma mtumbwi.