Trela ya kambi: pata pa kusimama bila kuongeza uzito

Wenzangu wa Malindi mnaotaka kujiundia trela ya kulalia kambini, msiinue kuta zote ili mpate kusimama. Kuta ndefu ni uzito, na kwenye njia ya kwenda lango la Sala, la kuingilia mbuga ya Tsavo Mashariki, upepo wa kusi utaiyumbisha trela. Kuta ziishie kiunoni, paa liwe la kunyanyuka, ubavuni turubai. Kwa kweli pa kusimama panahitajika penye jiko tu; hapo shusheni sakafu kama sentimita 15, bora isigonge mawe. Tangi la maji na betri vikae karibu na ekseli (mhimili wa magurudumu), asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iangukie kwenye ndoano ya gari. Skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi huzila upesi zile za chuma cha kawaida.