Mgonjwa wa mgongo anaamini anaweza kubeba nini? Jinsi ya kupima kabla hajarudi kazini

Wale mnaohudumia watu walioumia kazini, achaneni na swali la "unaweza kurudi kazini?" Mwenye ada ya watoto inamsubiri atakwambia naweza dokta, na hapo hata kuinama avae viatu ni shughuli, na anayeogopa mgongo usije ukamshika tena atasema siwezi kabla hata hajajaribu. Uliza kazi moja moja, tena kwa picha.

Kuna kipimo kinaitwa Spinal Function Sort, kilitoka Marekani 1989, cha kina Matheson. Ni picha 50 za watu wakifanya kazi, kila moja na maelezo mafupi, mgonjwa anachagua kuanzia anaweza vizuri (4) mpaka hawezi kabisa (0), jumla 200. Ipo pia nafasi ya "sijui", usiifute, maana mtu ambaye hajawahi kusukuma toroli unamlazimisha aseme nini sasa?

Kama hauna hicho, tengeneza orodha yako ya vitu vya huku: kuinua dumu la lita 20 toka chini hadi mezani, kufua umeinama, kupandisha mfuko wa saruji begani. Andika kilo na urefu, sio "mzigo mzito" tu, mzito kwa nani? Ila ukishabadilisha maswali usichukue jedwali la alama la hicho kipimo cha kina Matheson, alama za mgonjwa linganisha na zake mwenyewe za mwanzo basi.

Mpe fomu KABLA ya kumnyanyulisha chochote, akishabeba ameshajua na majibu yanabadilika. Bosi asiwepo, na mke au mume akae nje kidogo (wanajibu wao, tena kwa sauti!). Kama hasomi msomee, lakini usimwongoze kwa "si unaweza hii eeh mzee?" Na kama kuna fidia inasubiriwa mwambie ukweli fomu itaonwa na nani, akihisi unamtega hutapata kitu.

Chomeka maswali mawili yanayofanana mbalimbali kwenye orodha. Dumu swali la 4 kaweka 4, ndoo ya kilo zilezile urefu uleule swali la 17 kaweka 1? Rudini pamoja mkaulizane, mara nyingi hakuelewa picha, usikimbilie kuandika anadanganya.

Halafu ndo umpime kunyanyua kweli, taratibu, uweke majibu mawili pembeni kwa pembeni. Akisema hawezi kilo 10 na kanyanyua 20 bila shida, kinachomzuia hapo huenda ni hofu zaidi, mazoezi yaanze na vile anavyoviogopa. Akijiamini kupita mwili wake, huyo ndo wa kumchunga asijeumia tena. Linganisha na kazi yenyewe pia: kwa madaraja ya Marekani ya uzito wa kazi, kazi ya kati inaishia kama kilo 23, inayozidi kilo 45 ni daraja la juu kabisa, sasa kuli anayebeba saruji ya kilo 50 yuko hukohuko juu kila siku.

Rudia orodha ileile baada ya wiki kadhaa, na usiangalie jumla tu. Dumu likipanda toka 1 hadi 3 na saruji bado 0, andika barua ya kazi nyepesi, kwenye kushusha mizigo bado.